Baba, Mwana na Dau: Hadithi ya Kusikiliza kwa Watoto wa Kwetu

Mtoto wa Pemba huijua hadithi kwa sikio kwanza. Kabla hajaitambua alifu katika chuo cha Kurani wala herufi ya kwanza skuli, huwa keshaketi mkekani baada ya sala ya Isha, keshaitikia "Pakawa!" kwa sauti ya juu kuliko wenziwe, na keshamsikia Chanjagaa aliyejenga nyumba akakaa, hata kama hajui Chanjagaa ni nani. Kwa hivyo mimi na wenzangu wachache hapa Wete tulipoamua kutayarisha kitabu cha kusikiliza kwa ajili ya watoto, hatukuona kwamba tunaingiza kitu kigeni majumbani mwa watu. Kilichokuwa kipya ni wahusika wake. Hadithi yetu ni ya baba mvuvi na mwanawe wa kiume wa miaka 9, ambao wanapendana tangu mwanzo hadi mwisho, hawagombani, hakuna anayemlaani mwenziwe, na hakuna anayekufa ili mwenziwe apate kumthamini. Nataka kueleza kwa nini niliona hadithi ya namna hiyo inahitajika, na kwa nini naamini kuwa mapenzi ya baba wa kwetu kwa mwanawe huelezeka vizuri zaidi kwa sauti kuliko kwa maandishi.

Tukizipitia ngano tulizolelewa nazo, tutaona kuwa baba yumo, lakini yuko mbali. Mara nyingi ni sultani, na wanawe humfikia kwa ruhusa. Ikiwa si sultani, basi ni mzee mgonjwa anayewaita wanawe wasikilize usia, na hadithi yenyewe huanza akishafariki. Katika ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine, mwana wa mwisho, yule aliyezoea kukaa jikoni, hudharauliwa na baba yake mpaka anapoulinda mtende usiliwe tende zake na ndege, kazi iliyowashinda kaka zake wote. Hata anapokwenda mwituni kumsaka Nunda, mla watu, kila mnyama amuuaye humburura mpaka nyumbani akimwimbia mama yake, na ni mama anayemjibu kwamba huyo bado siye. Siwalaumu waliotuhadithia. Wengi wao walikuwa bibi zetu, na bibi huuhadithia ulimwengu kama anavyouona kutoka jikoni na ukumbini, mahali ambapo baba hupita akienda kazini na hupita tena akirudi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba mtoto wa kwetu hajapata kumsikia baba mpole. Anamsikia chuoni. Anayesoma Sura Luqman hufika pale, kuanzia aya ya 13, ambapo Luqman anampa mwanawe mawaidha, akimweleza kuwa hata jambo lenye uzito wa punje ya hardali, likiwa ndani ya jabali, Mwenyezi Mungu atalileta, kisha akimaliza kwa kumuusia aende kwa kiasi na aishushe sauti yake. Sura Yusuf nayo haikawii kutufikisha kwa mtoto anayemhadithia baba yake ndoto ya nyota 11, jua na mwezi, na baba anaisikiliza kisha anamtahadharisha kwa upole asiwahadithie ndugu zake. Mimi nimezisikia aya hizo tangu utotoni, na nilipokuwa nikiiandika hadithi ya dau, ulaini wa baba hao wawili ndio niliokuwa nikiutafuta. Hakuna hata mmoja wao anayepiga kelele. Wanasema na mtoto kama mtu anayefahamu.

Hadithi yenyewe haina mambo mengi. Kusi lilipokuwa kali dau lilipandishwa pwani, likakaa juu ya magogo miezi yote ya kipupwe mpaka mbao zikakauka na nyufa zikafunguka baina yake. Sasa upepo umelegea, na baba na mwana wanalikarabati. Likishakuwa tayari wanatoka katika hori moja, mkono wa bahari, la magharibi kwenda kuvua karibu na kisiwa cha Misali, ambako baba anamhadithia mwanawe habari wanayoijua wengi wa Pemba, ya Nabii Khidhri aliyetaka msala wa kusalia, akakosa, akakifanya kisiwa kizima kuwa ndio msala wake. Wakati wa kurudi upepo unawakabili, wanalazimika kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, alasiri nzima, na maji yanaanza kuingia. Wanafika salama usiku. Mama wa mtoto huyo yu hai, ana shamba lake la mwani, na ndiye anayewapokea pwani na taa. Nalisema hili kwa kukusudia, kwa sababu nimeona hadithi nyingi za baba na mwana, za kwetu na za kwingine, zinazoanza kwa kumuua mama ili baba apate nafasi ya kupenda. Mimi sioni kuwa mapenzi ya baba ni kitu cha kujazia pengo. Yana mahali pake hata nyumba ikiwa imetimia.

Nimesema kuwa hadithi hii inafaa kusikilizwa, na sehemu inayonipa hoja hiyo ni ile ya kukalafati. Pamba husokotwa ikawa uzi mnene, hutiwa mafuta, hupachikwa katika ufa baina ya ubao na ubao, kisha hushindiliwa kwa patasi butu na nyundo mpaka ufa usikubali tena. Vipigo vya mwanzo hutoa sauti nyembamba, yenye mwangwi kidogo, kwa sababu ndani bado mna nafasi. Kadiri pamba inavyojaa, sauti hushuka, huwa nzito na fupi, na fundi akishaisikia hivyo husogea mbele bila ya haja ya kuinama kutazama. Katika hadithi yetu baba anakalafati ubavu mmoja na mtoto ubavu wa pili. Hawaonani, kwa kuwa dau liko baina yao, lakini wanasikiana. Kila nyundo ya mtoto inapotoa sauti nyembamba na kuhama mapema, baba, huku akiendelea na kazi yake, anamwambia, "Rudi nyuma kidogo." Mtoto anarudi, anapiga tena, sauti inazama, na baba hasemi kitu. Kwa mtoto anayesikiliza, kule kunyamaza ndiko kusifiwa kwenyewe.

Kisha anapita jirani. Watu wa kwetu hawapitani kimya, na salamu za jirani huyu ni ndefu, kama inavyostahiki: hali ya baba, hali ya watu wa nyumbani, hali ya mama mgonjwa wa jirani, mvua, bei ya pweza. Wakati salamu zinaendelea, nyuma yake nyundo ya mtoto inasikika karibu na tezi, yaani nyuma ya dau, mara sita au saba hivi, nyembamba, halafu inahama. Baba hakusikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa kwa mgeni. Msimulizi hasemi lolote. Hakuna muziki wa kumtanabahisha msikilizaji. Anayesikiliza kwa makini atajua kuwa pale pamba haikujaa, na asiyesikia atajua baadaye, katikati ya bahari, maji yatakapoanza kuingia mahali hapo hapo. Jambo hili ukiliandika katika ukurasa, ama utalazimika kulisema wazi, na likishasemwa halina tena siri, ama utalinyamazia, na msomaji hatakuwa na njia ya kuligundua. Katika sauti liko wazi na limefichika kwa wakati mmoja.

Maneno ya baba hatukumpa mwigizaji. Tulimwomba mvuvi mmoja mtu mzima, anayeheshimika pwani yake, ambaye kusoma kwake ni kwa taratibu, kwa hivyo nilimsomea kila sehemu, nikamweleza mambo yalivyo, naye akasema kwa ulimi wake. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeitwa mbele ya mkutano. Aliketi ameunyoosha mgongo, mikono juu ya magoti, na kila neno lilitoka limepigwa pasi. Mwenzetu mmoja akampa kamba, akamwambia aishike kama demani, kamba ya kuongozea tanga. Mzee akaizungusha mara moja kiganjani, akageuza uso ukatazama upande ambao tanga lingekuwako, na pale pale sauti yake ikabadilika, ikawa fupi, ya chini, yenye haraka isiyokuwa na hofu. Tangu hapo hakuiacha kamba ile mpaka tulipomaliza.

Mazungumzo makubwa baina yetu yalikuwa juu ya sehemu ya maji kuingia chomboni, mtoto anapoyafua, yaani anapoyatoa kwa kopo. Rasimu ilikuwa na sentensi iliyopendekezwa na mwenzetu mwingine, kwamba baba amwambie mwanawe asihofu, na kwamba anampenda kuliko kitu chochote duniani. Nilipomsomea mzee, alikaa kimya kisha akasema: "Mwalimu, chomboni hakusemwi hivi. Mtoto mwenyewe keshajua maji yanaingilia wapi, maana pale alipiga yeye. Baba naye keshajua. Sasa ukimpa maneno matamu wakati ule atalia, na akilia hafui maji tena."

Nikamuuliza, "Basi mzee, wewe ungemwambiaje?"

Akasema, "Ningemwambia: Njoo ushike usukani, nifue mie."

Hiyo ndiyo iliyobaki. Mtoto amekuwa akifua maji ngamani, chini ndani ya dau, kwa kopo, mikono imechoka, na anajua kuwa kosa ni lake. Baba anaweza kumwambia kuwa amemsamehe, au kuwa makosa hutokea. Badala yake anampa usukani, yaani anaziweka roho zao wote wawili mkononi mwa yule aliyekosea, na yeye mwenyewe anainama ngamani kuyafua maji yaliyoletwa na kosa hilo. Sijapata kuandika sentensi yenye mapenzi kuliko ile, na sikuiandika mimi. Mzee aliisema mara moja, bila ya kuipandisha wala kuitetemesha, kama mtu anayeagiza kazi. Mtu aliyelelewa na baba wa pwani hatahitaji kuelezwa.

Hapa ndipo ninapoona kuwa wengi wanaowaandikia watoto siku hizi wanateleza. Wanadhani mtoto hawezi kuyatambua mapenzi yasipotamkwa, kwa hivyo kila ukurasa wa pili baba anamkumbatia mtoto na kumtangazia hisia zake. Sisemi kuwa ni vibaya baba kumwambia mwanawe kuwa anampenda. Wako wanaosema, na Mungu awazidishie. Nasema kuwa mtoto ambaye baba yake hasemi asije akasikiliza hadithi zetu akatoka anadhani kwamba yeye hapendwi. Baba yake humwamsha alfajiri kwa kumgusa kidogo begani, humwachia kipande cha samaki kilichonona, humfundisha kufunga fundo kwa subira ile ile hata akikosea mara ya kumi. Mtoto huyo anastahili hadithi itakayomwonyesha kuwa alichonacho ni kitu kamili.

Katika kurikodi tulijifunza kukiheshimu kimya. Anayehadithia ana kwa ana hunyamaza pale ambapo wasikilizaji wataitika, na asipoitikiwa haendelei. Kitabu cha kusikiliza hakina macho ya kuwaona wasikilizaji, lakini kinaweza kuwaachia nafasi. Baada ya "Paukwa!" tuliacha muda wa kutosha mtoto kuitikia bila ya kukimbilia, na watoto wote niliowaona wakisikiliza waliitikia bila ya kuambiwa. Tuliacha pia nafasi nyingine ambazo hazina mwito wowote: baba na mwana wanapokaa juu ya mchanga wa Misali wakila muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchoma, hapana anayezungumza kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia, ila maji yanasikika yakigusa ubavu wa dau. Tulishauriwa tuweke muziki hapo, na ushauri ulikuwa wa nia njema, lakini muziki ungemwambia mtoto ahisi nini. Baba na mwana wanaopendana wanaweza kukaa pamoja wasiseme kitu, nami nilitaka mtoto akae nao.

Kuhusu lugha sikusita sana. Msimulizi anasoma Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na nilipotatizwa na neno nililitafuta katika kamusi ya Baraza la Kiswahili la Zanzibar ya mwaka 2010. Baba na mwanawe wanasema Kipemba cha pwani yao, kwa sababu hakuna mvuvi anayezungumza na mwanawe kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Baadhi ya walimu wenzangu waliingiwa na wasiwasi kuwa watoto watachanganyikiwa katika mitihani. Watoto hao hao hurudi nyumbani kila siku wakazungumza Kipemba na baba zao, kesho yake wakaandika insha kwa Kiswahili cha skuli, na hakuna kilichoharibika. Ninachokiogopa mimi ni mtoto kukua akiamini kuwa lafudhi ya baba yake haifai kuingia kitabuni.

Kwa anayetaka kujaribu kazi hii, vyombo si kikwazo kikubwa. Tulirikodi kwa simu na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, ndani ya chumba tulichokizungushia magodoro ya sufi na mablanketi ili sauti isirudi kutoka ukutani. Tatizo letu lilikuwa kelele. Mchana haiwezekani: kuna kunguru, pikipiki, watoto wenyewe ambao tunawarikodia, na mvua ikinyesha juu ya bati hapana kinachosikika. Tulifanya kazi usiku baada ya Isha, feni imezimwa, jasho likitutoka. Sauti za bahari, za nyundo na za kopo tulizichukua pwani kwenyewe, na nyundo ile ilipigwa juu ya dau la kweli na fundi wa kweli, akajaza pamba kidogo kidogo ili tupate sauti nyembamba na nzito. Faili ghafi huchukua zaidi ya megabaiti 5 kwa kila dakika, jambo ambalo kwa mtu anayenunua bando ni zito, lakini sauti ya msimulizi ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua karibu nusu megabaiti tu. Hadithi ya dakika 40 haifiki megabaiti 20. Inaingia katika memori kadi yoyote, na inapita kutoka simu hadi simu bila ya intaneti.

Vitabu vya kusikiliza, kwa maana ya kitabu kizima kilichosomwa na kuhifadhiwa, vilianza kwa ajili ya wasioona. Uingereza ilianza kuvisambaza kwa santuri mwaka 1935, na miongoni mwa waliokusudiwa ni askari waliopoteza macho katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nalikumbuka jambo hili kila ninapomfikiria mvuvi wa kwetu ambaye hakupata skuli ya kutosha. Kitabu cha maandishi kinapoingia nyumbani kwake, mtoto anakichukua na baba anabaki pembeni, kwa kuwa hawezi kumsomea, na pengine anaona haya. Hadithi ya kusikiliza inawaketisha mahali pamoja. Zaidi ya hayo, hadithi ikiwa ni ya dau, baba ndiye anayejua. Mtoto atamuuliza demani ni ipi, kwa nini wanabisha badala ya kwenda moja kwa moja, na kama ni kweli pamba ikijaa sauti hushuka. Nimewahi kumwona baba mmoja akiisimamisha hadithi katikati, akaondoka na mwanawe wakaenda kugongagonga ubavu wa ngalawa yao, kisha wakarudi kuendelea. Sikumbuki jambo jingine katika kazi hii lililonifurahisha zaidi.

Kwa sababu hiyo naomba hadithi hii isitiwe masikioni mwa mtoto mmoja peke yake ikiwa kuna namna nyingine. Redio ilipoanza Zanzibar mwaka 1951 watu waliisikiliza kwa pamoja, barazani na ukumbini, na aliyekuwa nayo aliifungulia sauti ili na jirani asikie. Simu imetuzoesha kila mtu kuwa na kona yake. Tafadhali iwekeni kwenye spika, mketi pamoja, na baba akiwapo naye aketi.

Wako ambao baba zao hawapo, na hao sikuwasahau. Wavuvi wa Pemba huenda dago, wakapiga kambi wiki nyingi katika pwani za mbali, wengine mpaka Kenya na Mafia. Wengine wana maduka Dar es Salaam, wengine wako Oman. Mtoto wa mtu kama huyo humsikia baba kwa simu ya haraka: umesali, umekwenda skuli, mpe mama. Kwa hivyo tulitengeneza nakala ya pili ya hadithi ambayo maneno ya baba yameachwa wazi, na tukayaandika maneno hayo katika karatasi moja, mafupi kama mzee alivyoyasema. Baba anaweza kuyasema kwa simu yake huko aliko, akayatuma, nasi tukayapachika mahali pake. Baba mmoja aliyekuwa dago alituletea maneno yake yakiwa na upepo mwingi nyuma, na kelele za wenziwe wakiosha nyavu, na kwa kanuni za kurikodi ilikuwa sauti mbovu. Tuliiacha kama ilivyo. Mwanawe, wakati wa kusikiliza, aliitika "Naam, baba" kila mhusika alipoitwa, na mama yake alituambia kuwa amekuwa akiirejea sehemu ya usukani kuliko sehemu nyingine yoyote.

Nilipoisikilizisha hadithi hii mara ya kwanza kwa kundi la watoto wa mtaani kwetu, nilitarajia kuwa watakaoshtuka ni wakati wa mawimbi. Lakini zilipokuwa zikiendelea zile salamu za jirani, msichana mmoja mdogo, ambaye baba yake ni seremala, aliinua kichwa akasema kwa nguvu, "Pale hapajajaa!" Wenziwe wakamnyamazisha. Maji yalipoingia baharini wakamgeukia wote kwa pamoja, na hadithi ikabidi isimame kwa sababu hakuna aliyekuwa akiisikiliza tena. Walikuwa wakimuuliza amejuaje. Akawaeleza kwamba nyumbani kwao yeye humshikia baba yake mbao anapopigilia misumari, na kwamba ubao ambao haujakaa sawasawa husema.

Baadaye akaniuliza kwa nini ndani ya hadithi hamna mtoto wa kike. Nilimjibu kuwa hii ilikuwa ya baba na mwanawe wa kiume, naye akasema basi niandike nyingine. Nimeanza kuiandika. Ni ya msimu wa karafuu, baba na binti yake wako kambini kwa wachumaji, na sehemu kubwa inapita usiku wakati wa kuchambua, ambapo karafuu hutengwa na makonyo, yaani vijiti vyake, na watu huzungumza huku mikono ikifanya kazi. Mzee amekubali kuwa baba tena, kwa sharti kwamba tungoje arudi dago, na binti wa seremala ataisoma sehemu ya binti mwenyewe, kwa idhini ya wazazi wake. Bado natafuta namna ya kuirikodi sauti ya karafuu mbichi zinapomwagwa juu ya jamvi, kwani kwa simu inatoka kama mvua, na mtoto yeyote wa Pemba atajua kuwa siyo.